Hondohondo Hakuulizwa Akiba ni ya Nani

Ngano! Ngano!
Na imwagike!
Imwagike wapi?
Humu humu ndani, nje tusiwape!
Na wa nje wakisikia harufu?
Waje, wapige hodi, waingie!

Basi sogeeni.

Aliyeanza kumweleza Bi Sange namna Hondohondo anavyotafuta vitu alikuwa wifi yake, Bi Mwanakheri. Sange mnamjua: mnyama mdogo, pua ndefu kama kimkonga cha kuazima, miguu myembamba kama njiti, na moyo unaodunda hata jani likianguka. Bi Sange huyu alikuwa na watoto watatu wachanga, tena alikuwa na haya. Akisema neno barazani, alisema kwa sauti ya chini hata wenzake wakadhani anakohoa.

Wanyama wa msitu ule walikaa boma moja. Nyumba zilikuwa ndani ya nyua, nyua zilizunguka uwanja mmoja, na uwanja ulikuwa katikati ya msitu. Pale uwanjani palikuwa na chungu kikubwa, jina lake Akiba. Mvua zikinyesha na kumbikumbi wakiruka, kila nyumba iliwakusanya, ikawakausha, ikawatia katika Akiba. Kiangazi kikikaza, ilikuja siku ya mgao, na kila nyumba ikapewa fungu lake.

Kila mwaka nyumba moja ilishika zamu ya kukitunza chungu. Siku ya mgao Akiba ikikutwa tupu, mtunzaji alifunga virago, akawabeba watoto wake, akatoka bomani kwenda kukaa huko anakokaa chatu.

Mwaka huo zamu ilimwangukia Bi Sange.

Kulikuwa na sheria moja: atakayetia mkono wake katika Akiba kabla ya mgao ni mwizi. Lakini kazi za kubeba na kuleta zilifanywa na Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama jembe, na mkono wake haukuhesabiwa kuwa mkono wa mtu. Ulitunga agizo nyumbani kwako, ukalipa jina. Siku yoyote ukiliita agizo lile kwa jina lake, Hondohondo alikuja, vuu-vuu-vuu, akalifuata neno kwa neno, hakuruka hata moja.

"Wifi," alisema Bi Mwanakheri siku hiyo wakipepeta kumbikumbi, "ndege yule ana nguvu, ana utii, ila akili hana hata ya kuazima. Ukimtajia jina, huanza kulitafuta ndani ya nyumba ambamo agizo lilitungwa. Asipoliona, hutoka uani. Asipoliona, hutoka uwanjani. Asipoliona, humalizia msituni, kwenye vitu vya tangu dunia iumbwe, maji, mawe, moshi. La kwanza kuliona, ndilo hilo hilo. Hasogei mbele kuangalia kama kuna jingine."

"Na akikosa kote?"

"Huanguka chali, miguu juu. Husema, 'Jina silijui, kazi basi.' Na kazi yote huiacha hapo hapo, hata kama ulibakiza kijiko kimoja."

"Na kwenye nyumba za watu haingii kutafuta?"

"Haingii. Yeye hutoka nje tu. Kila nyumba ina Mwanahamisi wake, wifi yangu. Ukiita Mwanahamisi ukiwa kwako, anaitika wa kwako. Wa jirani hata hasikii."

Bi Sange akaitikia, "Ehe, ehe," kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa. Alikuwa akimwangalia kifungua mimba wake asije akameza bawa.

Basi katika boma lile aliishi pia Bwana Nyegere. Mfupi, mnene, mgongo mweupe, ngozi ambayo hata meno ya simba huteleza juu yake. Hakuwa na mbabe wake. Wakati wa mvua hakukusanya hata kumbikumbi mmoja, alilala. Jirani akimuuliza, "Bwana Nyegere, mbona huweki kitu chako nyumbani?" alijibu, "Niweke cha nini, na cha wote kipo?"

Nyegere alitunga agizo nyumbani kwake, akaliita Karamu. Maneno yake yalikuwa haya: Leta Akiba. Mimina kinywani mwa aliyeita. Rudisha ulikotoa.

Kisha alilala chali, akafumba macho, akaachama. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, kula amefumba macho, asione chakula kinavyopungua. Akaita, "Karamu!"

Hondohondo akaja, vuu-vuu-vuu. Akatazama nyumbani mwa Nyegere: Akiba? Haipo. Akatazama uani: Akiba? Haipo. Akatazama uwanjani: Akiba? Ipo! Kwaa, akainyakua, akaipeleka, akamimina. Chwa-chwa-chwa! Fyam-fyam-fyam! Akairudisha.

Bi Sange alikuwa kando ya chungu, anafagia. Akaona chungu kinaondoka kizito, kinarudi chepesi. Akadondosha ufagio.

"Mjomba Hondohondo! Unaipeleka wapi Akiba?"

"Kwenye Karamu."

"Karamu ya nani?"

"Ya Bwana Nyegere."

"Mjomba, lakini Akiba si yake!"

Hondohondo akapepesa macho, la kushoto kwanza, kisha la kulia. "Sikuulizwa ni ya nani. Niliulizwa iko wapi."

"Hata wewe mwenyewe huoni? Ni ya watu wote ile! Ina vya watoto!"

"Sikuulizwa ni ya nani. Niliulizwa iko wapi."

Bi Sange akashika kichwa.

Akaenda kwa Nyegere. Alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akapiga hodi ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa mlango.

"Karibu, Mama Pua," Nyegere alisema bila kuinuka. Tumbo lake lilikuwa juu kama kilima. "Pua imefika, mwenyewe yuko nyuma anakuja?"

"Shikamoo, Bwana Nyegere. Nimekuja kwa ajili ya Akiba. Ina vya wote. Wewe unaila peke yako."

"Mimi? Mkono wangu umeingia katika chungu?"

"Haukuingia."

"Mguu wangu umekanyaga uwanjani?"

"Haukukanyaga."

"Basi mwizi yuko wapi? Mimi niko kitandani kwangu, nimefumba macho, kitu kinadondoka kinywani. Nikiteme? Kutema riziki ni dhambi."

"Bwana Nyegere, siku ya mgao chungu kikiwa kitupu, mimi na wanangu tunatolewa bomani."

"Pole. Chatu nasikia si mbaya akishashiba." Akajigeuza upande, kitanda kikalia ng'wii.

Bi Sange akatoka. Alipofika kwake akamwita Hondohondo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapaza sauti: "Niletee Haki!"

Hondohondo akatazama nyumbani: Haki? Haipo. Akatazama uani: Haki? Haipo. Akatazama uwanjani: Haki? Haipo. Akaruka mpaka msituni, akatafuta kwenye vitu vya tangu dunia iumbwe: Haki? Haipo. Akarudi, akaanguka chali mlangoni, puu! Miguu juu. "Jina silijui! Kazi basi!"

Watoto wa Bi Sange wakacheka. Mama yao hakucheka.

Nyegere akaita Karamu tena, na tena. Kila jua lilipopanda chungu kilikwenda kizito, na kila lilipozama kilirudi chepesi. Majirani wakaanza kuchungulia ndani ya chungu, wakamtazama Bi Sange, wakaguna. Hakuna aliyekwenda kugunia mlango wa Nyegere.

"Basi nitakijaza upya," Bi Sange akajiambia. "Yeye ale, mimi nijaze."

Mvua za mwisho zilikuwa bado. Akatoka na wanawe, wakakaa penye kichuguu, wakakamata kumbikumbi mmoja mmoja, wakawang'oa mabawa, wakawakausha juu ya jiwe. Mdogo wao alipigwa na jua mpaka akalala usingizi na kumbikumbi mkononi. Wakawabeba hadi nyumbani, tele, rundo la kumzidi Bi Sange kimo. Uwanja ulikuwa mbali kwa miguu ya njiti. Akamwita Hondohondo nyumbani kwake.

"Mjomba, watie kumbikumbi hawa katika Akiba."

"Katika Akiba," Hondohondo akasema.

Hakwenda popote! Pale pale, ndani ya nyumba ya Bi Sange, akachukua udongo, akafinyanga chungu kipya, pata-pata-pata, akakiita Akiba. Akawatia kumbikumbi wote. Akajipangusa mdomo. Akasema, "Kazi imekwisha." Na kwa kuwa desturi yake ni kwamba alichokifinyanga mwenyewe ndani ya kazi hukivunja kazi ikiisha, akainua mguu.

"Mjomba, ngoja..."

Pwaa!

Vigae huku, kumbikumbi kule. Upepo ukaingia kwa mlango, ukatoka na nusu yao.

Bi Sange hakulia. Alikaa chini, akauma mkia wake mwenyewe. "Jamani," akasema. "Jamani, jamani, jamani. Kumletea Nyegere Akiba, uwanjani unapajua. Kunitilia mimi, uwanjani umepasahau?"

"Sikupasahau," Hondohondo akasema. "Sikuambiwa." Akaruka zake, vuu-vuu-vuu.

Bi Mwanakheri aliposikia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndivyo mawifi walivyo; wanakupenda, lakini kwanza wamalize kucheka.

"Pua yote hiyo, wifi, na hukunusa hili! Sikiliza. Kuchukua na kutia si kazi moja kwake. Ukimwambia achukue, hutafuta kuanzia ndani kwenda nje. Ukimwambia atie, hatafuti. Hufinyanga cha humo humo ndani. Ukitaka kile cha nje, umtajie kabla: 'Akiba nitakayoitaja ni ile ya uwanjani.' Hapo atakwenda."

"Kwa nini asiniulize, 'Bi Sange, una maana ipi?' Neno moja tu!"

"Hondohondo aulize? Akiuliza si Hondohondo tena, ni jirani. Na jirani, mama, hakubebei mzigo."

Bi Sange akavuta pumzi, na pumzi ya pua ile ilichukua muda kuingia na kutoka. Wakaokota kumbikumbi na mchanga wao, wakapepeta upya. Akamwita yule ndege, akamwambia kwa sauti ya mtu anayemlisha mtoto mgonjwa: "Mjomba. Akiba nitakayoitaja. Ni ile. Ya uwanjani. Sasa watie."

Akawapeleka uwanjani, akawatia vizuri, hata mmoja hakudondoka. Na kabla jua halijazama, Nyegere akaita Karamu.

Bi Sange akakaa kando ya chungu, kidevu juu ya magoti. Mgao ulikuwa umekaribia. Mvua zilikwisha, kichuguu kilikuwa kimya, hakuna tena kumbikumbi wa kukamata. Akawaza kule atakakowalaza watoto, ni mti upi hauna shimo la chatu. Halafu hasira ya kile chungu kilichovunjwa ikamrudia, ikamchoma kama pilipili.

"Chungu kile cha udongo mbichi," akanung'unika, "hakikuwa hata na mfuniko. Kimeitwa Akiba tu, na yeye akaridhika nacho! Kipo karibu, basi, ya uwanjani hataki hata kui..."

Pua ikasimama wima.

"Wifi!" akaita. "Bi Mwanakheri! Nyumbani mwa Nyegere kuna chombo kinachoitwa Akiba?"

"Nyegere? Yule hana hata akiba ya maji."

"Na chombo kikiwekwa kwa mkono, Hondohondo hakivunji?"

"Huvunja alichofinyanga yeye. Cha mtu hakigusi." Kisha Bi Mwanakheri akamtazama vizuri, na safari hii hakucheka. "Wifi. Yule hutafuna nyoka mzima mzima, na sumu yake."

"Najua."

"Na wewe ukimeza mbegu ya papai huugua."

"Najua, wifi, najua!"

Kesho yake Nyegere alipotoka kwenda kuvunja mzinga, Bi Sange aliingia nyumbani mwake kwa chini ya mlango. Mle ndani kulijaa masega yaliyonyonywa, mifupa na magamba, na harufu ya kumwangusha nguchiro. Alikuwa amebeba kifuu cha nazi, kitupu. Akakiweka nyuma ya mlango. Kwa kuwa chombo hupata jina kwa kufungwa kigwe cha ukindu na jina kutamkwa juu yake, akakifunga kigwe, akatamka: "Akiba."

Ndani ya kifuu akatia kumbikumbi mmoja. Mmoja tu. Hata yeye hakujua kwa nini. Pengine kwa adabu.

Nyegere akarudi. Akajilaza chali, akafumba macho, akaachama. "Karamu!"

Vuu-vuu-vuu. Semeni nami. Hondohondo akatazama nyumbani: Akiba? Ipo! Kwaa, akanyakua kifuu. Akamimina. Akarudisha.

Tii. Kumbikumbi mmoja akadondoka juu ya ulimi.

Nyegere akangoja. Akafumba macho zaidi, pengine hakufumba sawasawa. Hakuna kitu. Akafumbua. "We ndege! Umeleta Akiba?"

"Nimeleta."

"Umemimina?"

"Nimemimina."

"Yote?"

"Yote."

"Karamu!"

Hondohondo akaleta, akamimina. Safari hii hata huyo mmoja hakuwamo. Hewa tupu ikamwingia Nyegere kooni, akakohoa. Akakurupuka, akakimbia mpaka uwanjani, akakodolea chungu macho. Bado wamo! Kumbikumbi wanang'aa kwa jua. Akarudi mbio kitandani. "Karamu!" Hewa. Akaenda uwanjani: bado wamo. Akarudi. "Karamu!" Hewa. Akapanda na kushuka hivyo mpaka ulimi ukamning'inia.

"Unanidhihaki?" akamfokea Hondohondo. "Akiba bado ina kitu, nimeiona kwa macho yangu!"

"Hata mimi nimeileta kwa mdomo wangu."

"Kutoka wapi?"

"Ilipo."

Nyegere akajipiga paji la uso. "Hii ni nyumba," akasema. "Nyumba hii imeingiwa na kijicho. Kitu kikivuka kizingiti kinageuka hewa. Basi Karamu sitaiita humu tena. Nitaiita kule kule, chungu kikiwa chini ya pua yangu, tuone hewa itapitia wapi!"

Aliyasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa wenye nguvu hawajui kunong'ona. Bi Sange alikuwa nyuma ya ukuta. Akaondoka kimya kimya. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya mgao.

"Akiita akiwa uwanjani," akamuuliza wifi yake, "Hondohondo ataanza kutafuta wapi? Pale anaposimama Nyegere?"

"Anaposimama Nyegere pana nini? Agizo halimfuati mtu, wifi. Agizo lina kwao. Lilikotungwa ndiko anakoanzia, hata ukiliita ukiwa mbinguni."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua una pua."

Ilikuwa hakika ya kutosha. Bi Sange akachukua jani pana, akaenda njia ya siafu, wale weusi wenye taya. Akawatoa kwa mfupa uliopakwa mafuta, akawaongoza, akawaingiza katika kile kifuu kule nyumbani mwa Nyegere, mwenyewe akikoroma, akakifunika kwa jani. Walimuuma vidole vyote. Hakutoa hata sauti. Kwa hilo, haya yake ilimfaa.

Siku ya mgao boma lote likakusanyika uwanjani. Sheria ilikuwa ni kungoja jua ligonge kinywa cha chungu. Bi Sange alisimama kando, watoto watatu wakiwa wamemshika mkia, virago vyake vikiwa vimefungwa tayari nyuma ya nyumba, maana alikuwa mtu wa kujiandaa kwa mabaya. Jua lilikuwa bado kidogo.

Nyegere akaja akiwasukuma watu kwa tumbo. "Nipisheni. Nipisheni, nina agizo langu."

"Bwana Nyegere," mmoja akasema, "si ungoje jua, wote tule?"

"Mkono wangu umeingia katika chungu?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Basi kaeni kimya." Akajilaza chali kando ya chungu, bega likikigusa. Akatabasamu, akafumba macho, akaachama kinywa kile ambacho kingeweza kumaliza Akiba yote kabla jua halijafika. "Karamu!"

Vuu-vuu-vuu. Hondohondo akapita juu ya uwanja. Akapita juu ya chungu. Akaenda zake.

Nyegere akafumbua jicho moja. "We! Unakwenda wapi? Kiko hapa!"

Hondohondo hakugeuka. Alikuwa anaelekea nyumbani mwa Nyegere.

"Hapa! We ndege mpumbavu, hapa! Chungu kiko hapa, ninakigusa, hapa!"

Kutoka mbali sauti ikasikika: "Karamu haikutungwa hapo."

Akatazama nyumbani mwa Nyegere: Akiba? Ipo! Kwaa. Akarudi, vuu-vuu-vuu. Nyegere alikuwa bado anapiga kelele, amesahau kufunga, kinywa wazi mpaka koromeo linaonekana. "Nimesema ha-a-a-a-pa..."

Hondohondo akamimina.

Naam, ngozi ya Nyegere haipenywi na jino la simba. Lakini ulimi, wasikilizaji wangu, haukuvaa ngozi ile.

Aliruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Uuuwi! Uwi-uwi-uwi! Maji! Leta maji!"

"Maji," Hondohondo akasema kwa utulivu. Agizo hili lilitolewa uwanjani, basi alianzia uwanjani. Akatazama nyuma ya chungu: Maji? Hayapo. Akatazama chini ya vigoda vya watu: Maji? Hayapo. Akapangusa mdomo. "Sasa nitatazama msituni."

"Harakaaa!"

"Sikuambiwa haraka."

Nyegere hakungoja. Alipasua ukuta wa boma kwa kichwa, tundu la umbo lake likabaki pale, tumbo na yote, akashika njia ya mtoni akilia. Tangu hapo akiona kumbikumbi hufunga kinywa na kupumua kwa pua, na bomani hakurudi.

Jua likagonga kinywa cha chungu. Watu wakatazama ndani: Akiba ipo. Haikujaa pomoni, lakini ipo, ya kumfikia kila mtu. Wakamtazama Bi Sange, na safari hii hawakuguna. Wakasema atunze tena mwakani. Bi Sange akafungua kinywa kukataa. Wote wakadhani anakohoa.

Asubuhi iliyofuata Hondohondo alitua mlangoni pake.

"Bi Sange, fungu lako bado liko uwanjani. Nikuletee?"

"Hapana, mjomba."

"Utunge agizo, nikuletee kila siku?"

"Hapana, mjomba. Wewe kaa tu."

"Nikae wapi?"

Bi Sange akavuta pumzi, ikaingia yote, akaitoa yote. "Hapo hapo ulipo."

Kisha akachukua kikapu, akaenda uwanjani kwa miguu yake ya njiti, akalibeba fungu lake mwenyewe, kidogo kidogo, kwenda na kurudi mpaka jua likawa kali. Na kila alipopita mlangoni alisema, "Usiguse kitu, mjomba. Usiguse kitu."

Ngano hii inafundisha nini? Inafundisha kwamba kila mtu awe na akiba yake nyumbani, hata ndogo, kwa kuwa Nyegere angekuwa nayo asingeila ya wenzake. Pia inafundisha msiweke kabisa, kwa kuwa ndogo aliyowekewa nyumbani ndiyo iliyomng'ata. Na la muhimu kupita yote: wasifuni wanaotii bila kuuliza, maana ndio wanaoleta amani bomani.

Ngano nimeitoa ndani, nimeiweka nje. Atakayeipoteza asije kuniuliza mimi. Aanze kuitafuta kwake.